Umeshapewa Jembe?

Bibi yangu aliniuliza swali hili mwaka juzi, mwezi wa kwanza, tukiwa tumekaa barazani kwake upande wa Matai, mvua haijakata tangu asubuhi. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua hata macho.

"Huko kwa Wafaransa una miaka mingapi sasa?"

Nikamwambia tisa.

"Na umeshapewa jembe?"

Nilicheka, nikadhani ananitania. Nikamjibu kwamba nafanya kazi, Bibi, kila siku nalima kwa namna yangu, na hata ile hela ya mbolea niliyotuma Novemba ilitoka kwenye jembe hilo hilo. Hapo ndipo akanitazama.

"Sikukuuliza kama unalima. Nimekuuliza kama umepewa."

Nimerudi nalo Nantes swali hilo, na sijamalizana nalo. Naliandika hapa labda litanipungua uzito, na labda wewe msomaji una bibi wa namna hiyo, utanielewa.

Methali tunaijua wote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi niliifundishwa shule ya msingi kama onyo kwa mgeni. Yaani kula siku mbili, lakini usizoee, siku ya tatu ukafanye kazi. Ndivyo tulivyoandika kwenye mtihani na tukapata vema. Lakini itazame tena. Neno lenyewe ni "mpe". Mgeni hajaambiwa kitu chochote hapo. Anayeamriwa ni mwenyeji. Yeye ndiye anayetakiwa kunyanyuka siku ya tatu, aende pale majembe yalipoegemezwa, achague moja na alitoe. Asipolitoa, mgeni atakaa tu, ale tu, na kila mtu atamwona kupe, wakati kosa si lake.

Na kwetu Ufipa jembe halikuwa kitu cha kutupia tupia. Ukitembea maeneo ya Nkasi bado utaona mabaki ya malungu, zile tanuru za udongo zilizojengwa kuliko kimo cha mtu, zikavuta hewa zenyewe kwa chini bila mtu kufukuta mivukuto. Watu walipanga mawe ya chuma na makaa kwa tabaka, wakawasha, wakasubiri. Kilichotoka hakikuwa chuma safi bado, kiliingia tena kwenye vitanuru vidogo, vintengwe, ndipo mhunzi akakigonga. Hesabu miti iliyokatwa, siku zilizopotea, miiko waliyoshika wanaume wale muda wote huo. Halafu kitu hicho unampa mgeni aliyefika juzi! Baadaye majembe ya kiwandani yalikuja kwa meli kwa bei ndogo, malungu yakazimika, na nadhani methali nayo ikapoa kidogo. Siku hizi jembe ni la dukani. Lakini nikimfikiria mwenyeji wa zamani akimkabidhi mgeni jembe la chuma cha Ufipa, naona mtu anayesema: kaa, kuna sehemu yako hapa. Sioni mtu anayemwambia mwenzake acha uvivu.

Sasa nije Nantes.

Nafanya kazi kwenye banda la kuosha na kufungasha mboga, kusini mwa mji. Kuna mboga ya majani madogo wanaiita mâche, inalimwa kwenye mchanga, na msimu wake mkubwa ni baridi, wakati watu wenye akili zao wako kitandani. Naamka saa kumi na nusu usiku. Wenzangu ni Waromania, Wabulgaria, mama wawili wa Kikomoro ambao Kiswahili changu na lugha yao tunaelewana nusu nusu, inatosha kusengenya. Jumamosi naenda soko la Talensac, naangalia samaki wamelazwa juu ya barafu, nawaza migebuka. Jioni kama hakuna mvua natembea kando ya mto Erdre. Au nashuka hadi gati la Fosse, pale penye ukumbusho wa kukomeshwa utumwa, uliofunguliwa mwaka 2012, ambapo majina ya meli zilizotoka bandari hii kwenda kununua watu yamewekwa chini kwenye vioo, unayakanyaga ukipita. Mara nyingi pale hapana mtu. Mtoto anapita na baiskeli yake, basi.

Maisha ya kawaida kabisa. Nisiseme uongo, hakuna aliyenitukana, labda mara mbili, na mmoja alikuwa amelewa.

Mwezi wangu wa kwanza niliingia duka la mikate nikaomba mkate moja kwa moja, kwa Kifaransa nilichokikariri njiani. Mama muuzaji akanitazama, akasema "Bonjour." Nikarudia ombi langu. Akasema tena "Bonjour," safari hii polepole, kama anamsemesha mtoto. Ndipo nikashtuka: nilikuwa sijamsalimia! Mimi Mfipa, niliyelelewa kuchutama na kupiga makofi taratibu mbele ya wakubwa, nakaripiwa kwa kukosa salamu na muuza mikate wa Ulaya. Nilimwambia Bibi, akafurahi mno. "Basi ni watu," alisema.

Ni watu, ndiyo. Ila wana namna yao ya kukuweka siku ya pili. Siku ya pili ya methali namaanisha. Wanakukaribisha, wanakumiminia, wanakuuliza umetoka wapi, wanakusifu: Kifaransa chako kizuri! Mwaka wa kwanza sifa hiyo nilikwenda nayo nyumbani kama zawadi. Mwaka wa tisa, mtu yule yule, Kifaransa chako kizuri, niliisikia kama sahani inayoletwa tena mbele ya mtu aliyeshiba. Kwa Kiswahili tuna neno moja, mgeni, kwa mtu wa nchi nyingine na kwa mtu uliyemkaribisha mezani. Wao wamezitenga: étranger ni yule usiyemjua na yule wa nje, invité ni uliyemwalika. Lakini wana neno lingine, hôte, ambalo linamtaja mwenye nyumba na aliyekuja nyumbani, wote wawili kwa mpigo. Nililipenda neno hilo nilipolijua. Sijawahi kulisikia likitumika kwangu.

Jembe nililipata mwaka wa tano, tena jembe hasa. Nyuma ya majengo yetu kuna bustani zimegawanywa vitalu, wakazi wanalima maharage na maua. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, mjane, ana kitalu chake. Siku moja nilisimama nje ya uzio nikimtazama anavyohangaika na magugu. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alinisukumia kijembe kidogo cha mpini mrefu, akanionyesha mstari wa pili, akasema huo ni wa kwako, mimi goti linauma. Tulilima hadi giza. Nilipopanda ngazi kurudi kwangu nilikuwa na tope hadi magotini na, nisikufiche, nililia kidogo bafuni.

Msimu uliofuata nilimfundisha ntumba. Kwetu, mvua zikiwa bado zipo, unakata nyasi mbichi, unazikusanya, unazifunika kwa udongo hadi zinakuwa tuta la mviringo kama kichuguu. Nyasi zinaoza ndani. Unapanda maharage juu, na mwaka unaofuata unalitawanya tuta lote, ardhi imeshiba, unapanda ulezi au mahindi. Alipoona matuta yangu aliuliza nimemzika nani. Maharage yalipotoka aliita majirani waje kuangalia.

Kwa hiyo nimepewa jembe, sivyo? Ndivyo nilivyotaka kumjibu Bibi barazani pale, nikasita. Kitalu ni cha mjane. Naye akifa, orodha ya wanaosubiri vitalu ni ndefu. Na kuna jambo jingine. Uchaguzi wa serikali ya mji ulipofika, wale wenzangu wa Romania na Bulgaria walipiga kura, kwa sababu raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wana ruhusa hiyo kwenye chaguzi za mitaa hata kama si Wafaransa. Wapo waliokuja baada yangu. Mimi na akina mama wangu wa Kikomoro tulibaki tunafungasha mâche. Kodi tunalipa sawa.

Ufipa tuna hadithi ya wageni ambayo kila mtoto huisikia, na wataalamu nao wameiandika. Mimi naisema kama nilivyoipata kwa Bibi. Ntatakwa, mtu wa kwanza, mwenye nchi, alikuwa na makao yake Milansi. Siku moja alikwenda kuwinda. Nyuma wakafika wanawake watatu, Watwa, kutoka mbali, wamechoka, wazuri, na wakakuta mwanamke wa nyumbani. Wakaketi kwenye kigoda cha mfalme. Ntatakwa aliporudi na nyama yake akakuta nchi imeshaondoka. Wakapatana: wao watatawala nchi, yeye atabaki na Milansi na heshima ya utangulizi, ile ya mizimu na matambiko. Kutoka kwa Watwa hao ndipo zikatoka falme mbili, Nkansi na Lyangalile.

Utotoni nilidhani funzo ni kuogopa wageni. Sasa najiuliza kuhusu kigoda na jembe. Kuna mgeni anayekalia kigoda bila kushika jembe, na kuna anayeshika jembe miaka nenda rudi bila kuonyeshwa hata pembe ya kigoda. Wote wawili wametoka nje ya methali.

Wa aina ya kwanza nilimfuata kwa baiskeli. Mwezi wa tano uliopita nilipanda treni hadi Ancenis, dakika ishirini na kitu, nikaendesha hadi Saint-Herblon, kijiji cha kawaida kando ya bonde la Loire, mizabibu, ng'ombe weupe, mbwa anabweka. Hapo alizaliwa mwaka 1842 Léopold Joubert, aliyekuwa askari wa Papa kisha akafuatana na mapadri Weupe hadi Tanganyika. Aliishi Mpala na baadaye Mrumbi, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo ya leo. Aliunda jeshi la wenyeji, akapigana na wawindaji wa watumwa, akaamua kesi, akaoa mwanamke wa kule, akazaa, na mwaka 1927 akafa na kuzikwa huko huko. Hakuna aliyemwomba cheti cha ukaazi. Alifika akiwa na bunduki na kigoda chake mwenyewe mgongoni. Nilikula mkate wangu kwenye benchi karibu na kanisa, nikajaribu kumchukia, ikashindikana. Alitetea watu waliokuwa wanauzwa, na alikaa. Ila nilimwonea wivu. Mfaransa wa kijiji hiki aliweza kuwa mtu wa ziwa letu ndani ya mwaka mmoja, na mimi mtu wa ziwa nimeshindwa kuwa wa hapa kwa tisa.

Halafu nikamkumbuka Adrien Atiman. Huyu aliletwa Karema mwaka 1889, na pale hakuwa na kigoda cha mtu yeyote. Alizaliwa pande za Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, wamisionari wakamkomboa, akasomea udaktari Malta. Karema aliwatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe, miaka sitini na saba. Sumbawanga mjini kuna hospitali yenye jina lake, na mimi nilikua nikidhani Atiman ni jina la Kifipa. Sijui heshima gani kubwa zaidi mgeni anaweza kupata, mtoto wa mtaa kudhani jina lako ni la kwao.

Ningeweza kuishia hapo, insha ingekuwa nzuri, mimi mwema niliyeonewa na methali. Lakini kuna jambo ambalo swali la Bibi lililichokonoa, na nimelizunguka tangu nianze kuandika.

Nilisoma sekondari ya bweni, na darasani tulikuwa na kijana kutoka Katumba. Wakati ule Katumba na Mishamo zilikuwa mkoa wetu wa Rukwa, Katavi ilikuwa haijakatwa. Ni makazi waliyopewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walipewa ardhi, wakapewa na majembe, na wakailima ile misitu mpaka Mpanda ikala mahindi na maharage yao. Huyu kijana alizaliwa Katumba. Burundi hakuwahi kuiona. Kiswahili chake kilikuwa kinatuacha mbali, hasa kwenye ushairi. Na kutoka nje ya makazi yale walihitaji kibali cha maandishi, hata kwenda kumwona mgonjwa.

Sisi tulimwita Mkimbizi. Jina la utani, unajua, bwenini kila mtu ana lake, naye aliitika. Siku moja kwenye somo la uraia mwalimu aliuliza wajibu wa raia ni upi. Akanyoosha mkono. Mimi, kutoka dawati la nyuma, nikasema kwa sauti ya kusikika: "Wewe hili haliku­husu, Mkimbizi, shusha." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye alitabasamu. Alishusha mkono taratibu, akauweka juu ya daftari, akautazama kama kitu alichokisahau pale. Hadi tunamaliza kidato cha nne sikumwona akiunyoosha tena kwenye somo lile.

Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi wale wa 1972 zaidi ya laki moja na sitini, kwa sharti la kuukana wa Burundi. Nilisoma habari hiyo kwenye simu, nikajivunia nchi yangu kwa dakika kama mbili. Kisha nikaona ule mkono juu ya daftari.

Miaka arobaini na miwili. Jembe walipewa wiki za mwanzo, na hilo lazima tulisifie, kuna nchi hazikufanya hivyo. Ila mtu anaweza kupewa jembe ili akae mbali nalo, alime kule kule, ndani ya mpaka, asinyooshe mkono. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Bibi hakuridhika na jibu langu la kazi na mshahara. Kupewa kunataka mtu anayekutazama usoni wakati anatoa. Ntatakwa alikuwa porini wageni walipofika, na mimi darasani nilikuwepo, nimekaa, kigoda nimekikalia, na bado mwenyeji hakuwepo.

Baada ya safari ile ya nyumbani nilimtafuta kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Ni mwalimu sasa, upande wa Mpanda. Nilimwandikia ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikaufuta, nikaandika mfupi. Alijibu kesho yake. Kwamba anakumbuka, kwamba yameisha. Halafu mstari wa pili: "Na wewe huko wanakuitaje?"

Alikuwa anauliza tu, nadhani. Hakuwa na sumu. Nilikaa na simu mkononi hadi tramu ikapita kituo changu.

Sasa kuna fomu. Ofisi ya taifa inayoshughulikia wanaoomba uraia wa Ufaransa iko Rezé, ng'ambo tu ya mto kutoka hapa, naipita nikienda kazini. Vigezo ninavyo. Ufaransa hainidai niuache uraia wangu. Inayodai ni Tanzania: kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza wa kwetu. Serikali imekuja na mpango wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, utapunguza makali kwenye mambo ya ardhi na viza, lakini hadhi si uraia, na kura haimo. Kuna rafiki zangu wanaosema ni karatasi tu, chukua. Wengine, hasa walioko Dar, wananiita msaliti kabla sijajaza hata jina. Wote wananichosha. Si karatasi tu, muulize mtu aliyesubiri miaka arobaini na miwili. Na usaliti siuoni, kwa sababu yule mwalimu wa Mpanda alikana nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga ili awe kamili pale alipolima, na sijasikia mtu akimwita msaliti wa Burundi.

Ninachokiogopa ni kidogo kuliko hayo. Naogopa kusimama uwanja wa ndege wa Dar kwenye foleni ya wageni, halafu basi hadi Tunduma, halafu Laela, Sumbawanga na baridi yake, hadi barazani kwa Bibi, na yeye anyanyuke anikaribishe vizuri mno. Anipikie kuku. Asinitume kitu.

Maana siku ile ya mwezi wa kwanza, mvua ilipokatika, hakungoja jibu langu. Alikung'uta ungo, akanielekeza kwa kidevu pale nyuma ya mlango. "Yako mawili. Chukua lenye mpini mpya, twende, nyasi bado mbichi."

Tulitengeneza ntumba kumi na moja kabla ya giza. Yeye nane.

Fomu nimeifikisha katikati. Kuna sehemu inauliza kama ningependa jina langu lifanywe la Kifaransa. Hapo nilijibu hapana bila kufikiri. Sehemu nyingine bado.